Maswali yanayoulizwa sana: difu gani ya nyuma ufunge kwenye gari ya dragi isikunyonye nguvu

Nafunga na kufungua difu za gari za dragi (mbio za mstari ulionyooka) huku Texas, na maswali ninayopata kwa wenzangu wa Kiswahili ni yaleyale, wengine wako hapahapa Marekani, wengine Muscat, wengine Nairobi na Dar, basi nimeyaweka yote sehemu moja. Nazungumzia zaidi ekseli nzima za Kimarekani, zile za hausingi (ganda) moja toka tairi hadi tairi, manake ndo mchezo wenyewe umejengwa juu yake.

Nguvu inapotelea wapi ndani ya difu? Si ni gia mbili tu?

Ni gia mbili lakini kazi yake ngumu. Propela inazunguka kufuata urefu wa gari, tairi zinazunguka kwa mbele, kwahiyo nguvu lazima ikate kona ya nyuzi 90, na wanaoikata ni pinioni (gia ndogo inayozungushwa na propela) na krauni (gia kubwa inayozungusha tairi). Sasa pinioni ya hizi difu haikai sawa na katikati ya krauni, imeshushwa chini kidogo, na kadiri ilivyoshushwa ndivyo meno yanavyoteleza juu ya mengine wakati yanasukumana. Huko kuteleza ndo kunazaa joto, na joto hilo limetoka kwenye injini yako, hakuna kwingine.

Ukiangalia difu tatu maarufu utaona tofauti mara moja (inchi kwenye jina ni upana wa krauni, bolti ni idadi ya bolti zake). Dana 60 pinioni imeshuka kama inchi 1 na moja ya nane (mm 29), GM ya bolti 12 imeshuka inchi 1 na nusu (mm 38), Ford inchi 9 imeshuka karibu inchi 2 na robo (mm 57). Kwahiyo kwa msuguano wa meno peke yake Ford ndo mlaji mkubwa. Watu wa mchezo huu wengi wanakadiria inakula asilimia 2 hadi 3 zaidi ya bolti 12. Chukua gari ya hosipawa 500, asilimia 3 ni hosipawa 15, na wewe unajua hosipawa 15 za injini zinauzwaje.

Juu ya hapo weka beringi zilizokazwa kupita kiasi, sili mpya ngumu, oili nzito ambayo krauni inaichapa kama mtu anayekoroga ugali, na breki zinazoshika kidogo. Hivyo vyote vinahesabika, na nitarudi huko chini kwa sababu watu wanapoteza zaidi huko kuliko kwenye jina la difu.

Sasa kama Ford inchi 9 inakula nguvu, mbona kila gari ya dragi imefungwa hiyo?

Kwa sababu haivunjiki kirahisi, na ikivunjika unaitengeneza palepale uwanjani. Ilitoka kwenye magari ya 1957 ikaenda mpaka 1986, kwahiyo zipo nyingi, na hata leo unaweza kununua nzima mpya, hausingi mpaka bolti, bila kugusa kipande cha Ford mwenyewe. Kile kile kinachoipotezea nguvu ndicho kinachoipa uimara: pinioni ikishuka chini, meno marefu zaidi yanashikana kwa wakati mmoja. Alafu pinioni yake ina beringi ya tatu kule mbele ya meno, haiwezi kukimbia ikisukumwa. Difu nyingine nyingi pinioni inashikwa na beringi mbili za nyuma tu, ukiipiga sana inapinda kidogo ikaachana na krauni, meno yanakutana kwenye ncha, yanakatika.

Na difu yake inatoka kwa mbele nzima nzima. Aliyewahi kufungua difu ya Hilux anaijua hii, unachomoa hafshafti (shafti zinazopeleka nguvu kwenye tairi), unafungua nati za mbele, unatoa boga lote, yaani chuma cha kati kilichobeba gia. Watu wanabeba maboga mawili, moja la resho 4.11 (propela inazunguka mara 4.11 tairi ikizunguka mara moja) na moja la 4.56, wanabadilisha kati ya raundi na raundi. Difu ya kifuniko cha nyuma huwezi kufanya hivo, resho ukibadilisha ni kulala chini ya gari na shimu na deili geji nusu siku.

Niambie moja kwa moja mkuu, nifunge ipi?

Swali hili kila mtu analiuliza akianza na hosipawa, na mimi nalikataa kila siku. Difu haijui hosipawa zako. Difu inajua toki (nguvu ya kuzungusha) inayofika kwenye pinioni ile sekunde unaachia breki, na inajua kama tairi itakubali kuteleza au itang'ang'ania.

Piga hesabu hii ya karatasi. Injini ina toki ya futi-paundi 450. Giaboksi ni TH400, otomatiki ya GM, gia ya kwanza 2.48. Toki konveta (kiunganishi cha oili kati ya injini na giaboksi otomatiki) inazidisha kama mara 2 gari ikiwa bado imesimama. Difu ni 4.10. Zidisha zote: 450 × 2.48 × 2 × 4.10, unapata futi-paundi 9,151 kwenye hafshafti. Sasa toa TH400 weka Powerglide, otomatiki nyingine ya GM, ambayo gia ya kwanza ni 1.76, injini ileile, difu ileile: 6,494. Umeona? Hujagusa injini lakini mzigo wa difu umepungua kwa zaidi ya robo. Ndo maana jamaa wawili wana hosipawa sawa, mmoja anavunja difu kila mwezi na mwenzake miaka mitatu hajafungua kifuniko.

Alafu kuna tairi. Tairi ya barabarani ni kama fyuzi, nguvu ikizidi inateleza, difu inapona. Ukifunga sliki (tairi laini za dragi zisizo na kashata) kwenye lami iliyopakwa gundi hiyo fyuzi umeitoa, kinachofuata ni chuma. Na gari nzito inakataa kusogea kwa hiyo toki inakaa ndani ya difu muda mrefu zaidi. Kibaya kuliko vyote ni giaboksi ya manyo ukiachia klachi kwenye RPM 6,000 na sliki, hiyo ni nyundo.

Kwahiyo kwa maoni yangu: gari ya chini ya kilo 1,450, otomatiki, inakimbia sekunde 10 au 11 kwenye robo maili, usikimbilie Ford inchi 9. Funga GM ya bolti 12 au Ford 8.8 iliyojengwa vizuri, utapata wepesi na nguvu yako itafika chini. Gari ya kilo 1,600 na kuendelea, sliki kubwa, manyo au transi breki (kifaa cha giaboksi kinachoshika gari kwenye mstari mpaka uachie) na konveta kali, hapo chukua Ford inchi 9 na ukubali kulipa zile hosipawa chache, manake gari iliyokatika hafshafti kwenye mstari haina muda wowote wa kuandika. Katikati hapo ndo penye kubishana, na mimi ukiniuliza huwa naangalia mfuko na kama mtu atabadilisha resho mara kwa mara.

GM ya bolti 12 ina ubaya gani?

Krauni yake ni inchi 8.875, inateleza kwa upole, kwa gari ya Chevrolet naipenda kuliko zote. Zile za magari madogo zilifungwa kati ya 1965 na 1972 kwahiyo za asili zimekuwa ghali, lakini mpya zinatengenezwa. Angalia usiuziwe ya pikapu: zinafanana jina lakini pinioni ya pikapu shafti yake ni nyembamba, inchi 1.438, ya gari ndogo ni 1.625.

Ubaya wa pili ni mabomba. Yamesukumizwa ndani ya chuma cha kati na kuchomelewa kwa madoa, ukiipiga sana yanajizungusha. Fundi anayejua kuchomelea chuma cha kumimina ayachomelee kuzunguka yote. Hii ni kwa Ford 8.8 na GM ya bolti 10 pia. Ubaya wa tatu ni zile klipu za C, nitazieleza.

Ford 8.8 ya Explorer toka skrepa inafaa? Sina hela ya difu mpya.

Inafaa sana kaka. Za Explorer za 1995 hadi 2001 zina hafshafti za meno 31 kwenye ncha na breki za diski, wakati za Mustang nyingi za zamani zina meno 28. Bomba la upande mmoja ni refu, watu wanalikata wanaweka hafshafti mbili fupi, pinioni inarudi katikati na gharama inabaki ndogo. Ukichomelea mabomba, ukaweka kifuniko kinachobana vikombe vya beringi, una difu ya gari ya sekunde 11 bila wasiwasi. Kwenda chini ya hapo badilisha hafshafti kwanza.

Na Dana 60?

Krauni inchi 9.75, ndo kubwa kati ya hizi, na pinioni haijashuka sana kwahiyo kwa kuteleza ni nzuri kuliko zote tatu. Chrysler waliifunga kwenye gari zao za manyo zenye injini ya Hemi miaka ya 60, na waliijua nyundo ya klachi ile. Shida ni uzito. Ni nzito kweli, na ule uzito haujakaa juu ya springi, kwahiyo inachelewa kufuata barabara na tairi inaruka. Kama una Mopar (gari ya Chrysler) nzito ya manyo basi ndo mahali pake.

Nitaijuaje Ford inchi 9 nikiwa skrepa, wasije kuniuzia ya inchi 8?

Zinafanana sana, zote hazina kifuniko nyuma, zote zinatoka kwa mbele. Chukua soketi, jaribu kuiingiza kwenye nati zote zinazozunguka boga. Kama nati mbili za chini kabisa soketi inagoma kukaa sababu chuma cha boga kimezifunika, inabidi uende na spana ya kawaida, hiyo ni inchi 9. Soketi ikiingia zote, ni inchi 8, iache. Ukikuta herufi N kubwa imemiminwa mbele ya boga, shukuru Mungu, lile ni la chuma kigumu zaidi na watu wanalitafuta.

Resho gani nichague?

Anza mwisho wa uwanja urudi nyuma. Unataka ukikata mstari wa mwisho injini iwe imepita kilele chake cha nguvu kidogo tu. Fomula ni hii: spidi kwa maili kwa saa, zidisha na resho, zidisha na 336, gawanya kwa kimo cha tairi kwa inchi. Mfano, unakata mstari kwa maili 130 kwa saa, tairi inchi 28. Na 4.10 unapata RPM 6,396. Na 3.73 unapata 5,819. Na 4.56 unapata 7,114. Otomatiki yenye konveta ongeza kama asilimia 5 ya kuteleza, hiyo 6,396 inakuwa kama 6,700.

Sasa kama injini yako kilele chake ni 6,500, jibu umelipata bila kubishana na mtu. Kosa ninaloliona sana ni mtu kufunga 4.88 kwa sababu gari inaruka vizuri kwenye taa za kuanzia, afu theluthi ya mwisho ya uwanja injini imekwisha pumzi inapiga kelele tu. Na kumbuka resho kubwa kwenye difu ileile maana yake pinioni ndogo yenye meno machache, ni dhaifu zaidi. Anayekimbia moja ya nane ya maili apige fomula hiyohiyo kwa spidi yake ya huko, atakuta anaweza kwenda juu kidogo.

Spuli au LSD? Na je nikichomelea zile gia ndogo za katikati ya difu kama wanavyofanya wa drifti?

Usichomelee. NHRA, chama cha mbio za dragi Marekani, wamekataza kabisa gia za katikati zilizochomelewa, na wana sababu, zile gia zikipasuka zinaingia kati ya krauni na pinioni na tairi zinafunga kwa spidi.

Gari ya uwanjani tu, spuli, yaani kipande kimoja kinachofunga hafshafti mbili pamoja. Ni nyepesi, haina cha kuvunjika ndani, tairi mbili zinazunguka pamoja siku zote, gari inaondoka imenyooka. Gari ya kwenda nayo kazini usiweke spuli, kila kona hafshafti zinapinduka na kurudi, siku ile unazihitaji zimeshachoka. Weka LSD ya klachi (inapunguza tairi moja kuteleza peke yake) au loka (inafunga tairi mbili pamoja inapohitajika).

Klipu za C ni nini na kwa nini wakaguzi wananisumbua nazo?

Ni kipande cha chuma chenye umbo la C ndani kabisa ya difu, ndicho peke yake kinachozuia hafshafti isitoke. Hafshafti ikikatika, hakuna kinachoishika, tairi inaondoka na ngoma ya breki. Nimeiona mara moja, mteja alikuwa ametoka tu kwenye taa, tairi ikampita mwenyewe, Mungu alisaidia spidi ilikuwa ndogo. Tangu siku hiyo hanidanganyi mtu kuhusu klipu.

NHRA wanataka gari yoyote ya sekunde 10.99 au chini yake, na yoyote yenye spuli hata kama ni ya polepole, iwe na hafshafti za kununua na kizuizi cha kuzishika kwa nje. Kuna vifaa vya kuondolea klipu lakini vingi vinavuja oili. Mimi nakata ncha za hausingi nachomelea ncha za Ford inchi 9 zenye beringi kubwa, unafanya mara moja, umemaliza.

Hafshafti za meno mangapi?

Meno 28 ni ya barabarani. 30 na 31 zinatosha gari nyingi za sekunde 10 kama ni chuma kizuri. 35 kwa gari nzito na manyo. 40 kwa wale wakubwa, na hizo watu wanazitoboa katikati kupunguza uzito. Usiruke kwenda 40 kwa sifa, chuma kingi kinachozunguka ni kazi kwa injini.

Nimeona krauni na pinioni za bei mara mbili zimeandikwa "pro". Ni bora?

Ni bora uwanjani. Chuma chake ni 9310, kina nikeli nyingi, ni laini kidogo kwahiyo kinavumilia nyundo bila kupasuka. Lakini kwa ulaini huohuo kinalika, ukienda nacho barabarani kila siku kitaisha haraka. Za kawaida ni 8620, ngumu juu, zinadumu maili nyingi ila hazipendi kupigwa. Chagua kwa matumizi.

Nina difu tayari, sitaki kununua nyingine. Nguvu naipataje humohumo?

Hili ndo swali ninalolipenda kuliko yote. Inua nyuma ya gari, toa propela, zungusha tairi kwa mkono. Inazunguka kwa ulaini au inakataa? Toa breki uzungushe tena. Mara nyingi sana mwizi ni breki: kaliper haijarudi, hendibreki imekazwa, diski imepinda. Hosipawa za bure kabisa hizo, na hujanunua kitu.

Ikibaki nzito bila breki, chunguza hausingi. Gari iliyopiga magurudumu juu mara nyingi, hausingi inapinda, beringi za mwisho zinakuwa haziangaliani na boga, hafshafti inalazimishwa kila mzunguko. Fundi ana nondo iliyonyooka na vikombe anapitisha toka mwisho hadi mwisho, mwambie apime. Kisha mkazo wa beringi za pinioni. Beringi mpya zinakazwa zaidi ya zilizotumika, na mtu akirudishia za zamani kwa mkazo wa mpya amefunga breki ya kudumu. Ipimwe kwa spana ya kupimia, sio kwa kuhisi.

Wenye bajeti wanaenda mbali zaidi: gia zinang'arishwa mpaka zinakuwa kama kioo, beringi za gololi zinachukua nafasi ya zile za mchongo, sili za msuguano mdogo, krauni iliyopunguzwa uzito. Kila kimoja ni kidogo, vikijumlishwa unaona kwenye karatasi ya muda. Na njia rahisi ya kupima ni kile kipima joto cha kuelekeza: piga hausingi kabla ya kukimbia na mara tu unaporudi, karibu na pinioni, andika. Joto likipungua baada ya marekebisho, nguvu imeenda kwenye tairi.

Oili gani?

GL-5 siku zote, haya meno yanayoteleza hayataki kitu kingine. Gari ya barabarani 75W-90. Uwanjani tu, nyepesi zaidi kidogo inapunguza kuchapwa, lakini usishushe chini ya kiwango cha tundu ukidhani unaokoa nguvu, hasa Ford inchi 9 yenye meno yanayosuguana vile, itaungua. LSD ya klachi inataka ile dawa ya kuongeza, spuli haitaki.

Pinioni iangalie wapi?

Ukikanyaga, pua ya pinioni inapanda juu. Kwahiyo uiweke imeinama chini kabla, ili ikipanda inyooke na propela. Lifu springi nyuzi 5 hadi 7 sababu zinapinda sana, four-link (ekseli inayoshikwa na fito nne) kama 2 tu. Pima gari ikiwa imekaa chini na dereva ndani.

Lazima ekseli nzima? Gari yangu nyuma kila tairi ina hafshafti yake.

Sio lazima. Dodge Demon ya 2018 imetoka kiwandani hivyo na ilithibitishwa na NHRA sekunde 9.65. Lakini Dodge walibuni kila kitu kwa ajili hiyo. Kwa anayejenga gereji yake, ekseli nzima ni rahisi, tairi zinabaki wima na difu haichezi kwenye raba zake.

Niko Nairobi na Toyota Mark II ya injini ya 1JZ, niagize Ford inchi 9 toka Marekani?

Usiagize sasa ndugu yangu. Gari ni nyepesi, na bila sliki za maana tairi itateleza kabla difu haijalia. Badilisha kwanza raba za difu ziwe ngumu, weka LSD nzuri, hakikisha hafshafti na joint zake ni nzima. Siku ukifunga sliki na ukaanza kukata hafshafti, angalia ekseli ya Hilux kabla ya kitu chochote cha kupakia melini: krauni yake ni ya inchi 8, boga linatoka kwa mbele, na spea ziko hapohapo mtaani.

Nimefunga gia mpya leo, Jumamosi naenda uwanjani. Sawa?

Sawa kama leo na kesho utazilea. Endesha taratibu dakika 15 au 20, simama, acha ipoe kabisa mpaka unashika hausingi kwa mkono, rudia mara mbili tatu bila kukanyaga. Alafu mwaga oili, angalia ilivyo. Vumbi laini la kijivu kwenye sumaku ni kawaida. Ukikuta vipande vinavyoshikika kwa vidole, usipakie gari kwenye trela, fungua.